Kizingiti cha Nyumba Ndogo

Nilitoka saa kumi na mbili kasoro jioni kwenda kuchukua koti la marehemu mume wangu. Nilikuwa nimelisahau nyuma ya mlango wa chumba cha kulala katika nyumba ya zamani, na hiyo ilikuwa siku yangu ya tatu katika nyumba mpya. Safari yenyewe ni dakika ishirini tu kwa miguu. Unapita karakana ya kuchomelea vyuma, unafika duka la dawa, unakata kushoto, unaambaa na ukuta wa shule mpaka geti la kijani.

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi kwa miaka thelathini na minne. Nyumba ile ya ghorofa tuliijenga mimi na mume wangu, chumba kimoja kimoja, kila mwaka matofali kidogo. Nilipostaafu, magoti yakagoma kupanda ngazi. Mwanangu wa kwanza akasema nyumba imekuwa kubwa mno kwangu. Mkewe akadakia kwamba siku moja nitaanguka nivunjike nyonga. Mimi na mkamwana huyo hatupikiki chungu kimoja, kwa hiyo nilijua maneno yametoka wapi. Binti yangu, kitinda mimba, alikaa nyuma yangu akinichana nywele.

Nikakubali. Nikahamia vyumba viwili vya chini, kwenye mstari wa nyumba sita zilizobanana, zahanati hatua chache tu, bafuni kuna vyuma vya kujishikia. Kila aliyekuja alinipongeza. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Basi jioni ile nikapita karakana. Nikafika duka la dawa. Nikakata kushoto.

Nikajikuta mbele ya mlango wangu.

Mlango wa nyumba mpya.

Nikacheka peke yangu. Uzee huu! Nikageuka, nikaanza upya, safari hii kwa uangalifu kama mtu anayepima dawa ya mtoto mchanga. Karakana. Duka la dawa. Nilipokata kona, kelele za vyuma zikakatika ghafla, kama mtu amezima redio. Ikaja harufu... nywele zilizoungua. Nikapepesa macho.

Mlango wangu tena.

Mara ya tatu niliweka kiganja kwenye ukuta wa duka la dawa nikakata kushoto nikipapasa. Ukuta ulikuwa bado na joto la jua. Nikapiga hatua moja. Ya pili. Chini ya kiganja changu ukuta ukawa mbao za mlango wangu.

"Sista..."

Nilishtuka nusura nianguke. Alikuwa jirani yangu wa mkono wa kulia, mwanamke aliyestaafu ushonaji. Watu wote pale humwita Fundi. Alikuwa amesimama kwenye mlango wake na kanga begani, akininong'oneza kana kwamba kuna mgonjwa amelala.

"Umejaribu mara ngapi?"

"Tatu."

"Mimi nilijaribu mwezi mzima." Akatazama kule kwenye kona. "Zahanati utafika. Sokoni utafika. Ulikotoka, hapana."

"Unasema nini, dada yangu?"

"Chimba chini ya kizingiti chako. Ukiona kifurushi, usikiguse. Niite kwanza."

Nikachukua kisu cha jikoni, nikapiga magoti yale yale yaliyonihamisha. Saruji ya kizingiti ilikuwa mpya, rangi yake haikufanana na ya sakafu. Ikatoka vipande vipande. Ndani palikuwa na kifurushi kisichozidi ukubwa wa ngumi ya mtoto.

Sikumwita Fundi. Nilikuwa na hasira, na nilitaka kuona mkono wa mkamwana wangu kwa macho yangu.

Kitambaa kilikuwa kipande cha sare yangu nyeupe ya kazi. Kimefungwa kwa uzi mweusi, mafundo matatu. Nikafungua la kwanza. Likatoa mlio mdogo...

Kama mtu anayevuta pumzi.

Kupitia mwanya ule niliona mvi zangu, zimesokotwa vizuri, na karatasi. Nikaivuta kwa ncha ya kisu. Maneno mawili tu: *Mama asirudi.*

Mwandiko ule nilikuwa nimeufundisha mwenyewe, kwenye meza ya jikoni, nimeshika mkono mdogo ndani ya mkono wangu.

Haukuwa wa mkamwana.

Fundi alinikuta nimekaa sakafuni. Alipoona ule uzi uliolegea, akaziba mdomo kwa mkono.

"Umefungua?"

"Moja tu."

"Mzee wa nyumba ya mwisho alifungua yote. Kesho yake mwanawe alitoka kwenda kazini. Mpaka leo wanamtafuta."

"Nitalifunga tena!"

Nikajaribu. Vidole hivi vimefunga vitovu vya watoto nisioweza kuwahesabu, lakini uzi ule uliteleza kama umepakwa mafuta. Fundi alijaribu, yeye aliyekula mshahara wa sindano maisha yake yote. Hakuweza. Tukakirudisha kifurushi shimoni na kukifunika.

"Sasa nifanye nini?"

"Wanasema mama akisamehe, njia hufunguka." Akasita. "Kweli kweli, lakini. Si kwa mdomo."

Simu yangu ikalia. Alikuwa kitinda mimba wangu, anahema.

"Mama, nilikuwa nakuja kukuona. Nakata kona ya duka la dawa... najikuta nimerudi hapa kwenye geti la kijani. Mara ya nne hii. Mama, kuna harufu..."

Nikamsomea yale maneno mawili. Akaelewa. Kilio chake kikaanza chini, kama alivyokuwa akilia utotoni akiwa na homa.

"Nilikuonea huruma tu. Ulikuwa unashuka ngazi huku unauma kanga. Niliogopa ungejuta ukarudi, uje kufia pale."

"Unalala chumba gani?"

Akazidi kulia.

"Nakuuliza, unalala chumba gani?"

"Chako, Mama."

Miezi minane sasa. Kaka yake anakuja, mkamwana anakuja, tena ananipikia na kunifulia, na mimi naona haya kumtazama usoni. Kitinda mimba pekee hafiki. Kila Jumapili, jua likianza kushuka, anapiga simu akiwa getini. Tena mwezi huu anasema hata njia ya kazini imeanza kumpotea mara moja moja. Sauti yake imekonda.

"Nianze, Mama?"

"Anza, mwanangu. Nimekusamehe."

Maneno hayo ninayasema kwa sauti ya upole, ile niliyokuwa nikiwatulizia wazazi wodini. Ninayasema nikiwa nimepiga magoti. Nimeyasema hata kwa machozi. Kisha nasimama mlangoni, nashika fremu, nakodoa macho kwenye kona.

Nasikia nyayo zake kwenye simu, tap, tap, tap, zikikaribia.

Na kona inabaki tupu.