Jumamosi Ni Sare

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kufika nyumbani, Sindano alipita kwanza dukani kwa mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, na duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kilichotazamana na ukumbi wa vijana: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na vipande vya vitambaa vimetapakaa sakafuni utadhani kuku wamepekua. Sindano alifagia vipande, akapanga vifungo kwenye makopo, kisha akamtungia mama uzi. Macho ya mama yalikuwa yameanza kuchoka, lakini binti yake alitunga mara moja tu, bila hata kulamba ncha ya uzi. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Sindano. Jina lake la shule walilijua walimu tu.

Kazi ikiisha, alivuka barabara kwenda ukumbini kucheza puli. Macho yale yale yaliyoona tundu la sindano yaliona pia njia ya mpira hadi shimoni. Kwa miaka miwili hakuwapo msichana wa kumbabaisha kwenye meza ile. Kocha, mzee mwenye tumbo la kuheshimika aliyesimamia ukumbi, alizoea kusema, "Huyu ndiye atakayeniletea kombe." Sindano alijifanya hasikii, lakini neno lile alitembea nalo hadi nyumbani.

Ndipo akaja Kimya.

Kimya alikuwa mtoto wa mama yake mdogo. Mama mdogo alikuwa amehamishiwa kazi mbali, na mpaka apate nyumba na shule huko, mtoto akaletwa kwa mama mkubwa. Alifika na mfuko mmoja wa nguo, na maneno machache kuliko hizo nguo. Wiki ya kwanza alimfuata dada yake ukumbini, akasimama ukutani akitazama. Wiki ya pili akaomba fimbo. Mwezi haujaisha, wavulana walikuwa wakiacha soda zao mezani ili wamtazame akicheza.

Tena si ukumbini tu. Siku moja Sindano aliingia dukani akamkuta mama akimpa Kimya uzi. "Hebu nitungie, mwanangu." Kimya akatunga, mara moja tu.

"Kumbe siku hizi nina sindano mbili," mama akasema huku akicheka.

Neno la mzaha tu, jamani, wala mama hakulifikiria mara mbili. Lakini lilimchoma Sindano hasa. Siku hiyo alifagia kwa hasira mpaka vumbi likapanda kwenye nguo za wateja, na mama akamuuliza kama anafagia au anagombana na sakafu. Tangu hapo kila alichofanya Kimya kilimkera: anavyokula polepole, anavyosema "asante, mama mkubwa", hata anavyokunja shuka. Mtu akishaingiwa na kijicho, hata kikohozi cha mwenzake huona ni maringo.

Msimu wa mashindano ukafika. Ukumbi ulipewa nafasi moja tu ya msichana kwenda kwenye mashindano makubwa ya vijana, nafasi ambayo Sindano aliisubiri tangu siku aliposhika fimbo kwa mara ya kwanza. Wasichana wengine wakatolewa, wakabaki wawili: yeye na Kimya. Jumatano walicheza gemu nne. Sindano akashinda mbili, Kimya akashinda mbili. Kocha akasema gemu ya tano, ya kuamua, itachezwa Jumamosi mbele ya refa wa chama cha puli.

Kesho yake Kocha alimwita Sindano mlangoni.

"Refa amenipigia simu. Jumamosi ni sare. Shati jeupe lenye kola, lichomekewe, suruali nyeusi, viatu vya kufunika. Asiye na sare hashiki fimbo. Mwambie na mwenzako."

"Sawa, Kocha."

"Mwambie leo leo, mama yenu apate nafasi ya kumshonea."

Sindano mwenyewe hakuwa na shida. Alikuwa na suruali nyeusi na shati jeupe la kwaya ya shule. Kimya alikuwa na sketi na fulana zake, basi. Kwa kweli njiani Sindano alikusudia kusema yote, kuanzia kola mpaka viatu. Alimkuta Kimya uani anafua.

"Kocha alikuitia nini?"

"Kasema Jumamosi ni sare."

Kimya aliacha kufua, mikono imejaa povu. "Sare? Yaani gemu ya tano haipo tena? Tumeachwa vilevile, mbili kwa mbili?"

Ndiyo lugha yetu hiyo. Sare ni nguo, na sare ni kutoka bila mshindi. Sindano alifungua mdomo amweleze. Lakini Kimya akatabasamu, akasema, "Afadhali, dada. Sikutaka kukutoa."

Kukutoa. Kana kwamba ameshashinda tayari. Maelezo yote yaliyokuwa mdomoni mwa Sindano yakarudi yalikotoka.

"Mimi nimekuambia alivyosema," akajibu, akaingia ndani.

Jioni ile, akiosha vyombo, alijitetea mbele ya sahani. Uongo sikusema. Neno nimelifikisha kama lilivyotoka kwa Kocha. Kama hakuelewa, shauri yake. Sahani hazikumbishia, lakini mtu asiye na kosa hana haja ya kuzihutubia sahani.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mama alifunga duka akaja, akakaa benchi la mbele. Refa alikuwa mwanamke mrefu mwenye tai nyeusi, mtu wa maneno machache. Sindano, aliyetangulia mapema na kuvalia huko huko, alisimama kando ya meza, shati limechomekewa vizuri, viatu vinang'aa. Refa akaita jina la pili, na Kimya, aliyekuja kuwashangilia wavulana tu, akainuka kwa mshangao. Alivaa fulana iliyopauka, sketi ya maua na kandambili.

"Nguo gani hizo?" Kocha akauliza.

Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kila mtu alimwita Redio kwa sababu hazimiki, akasema kwa sauti, "Nyumba ya fundi cherehani, mtoto hana shati. Mfinyanzi hulia gaeni." Watu wakaangua kicheko. Mama akainamisha uso, akatazama vidole vyake.

Refa hakucheka. "Hana sare, hachezi."

Kinyozi wa jirani akasimama. "Refa, samahani. Kwani shati ndilo linaloingiza mpira shimoni? Mwacheni mtoto acheze."

"Zamani nilifikiri kama wewe," refa akajibu. "Wenye uwezo walikuja wamependeza, wengine wakaja na fulana zimetoboka, na watu wakawa wanacheka nguo badala ya kutazama mchezo. Ndiyo tukasema wote shati jeupe, mtoto wa tajiri na wa maskini wasijulikane. Sasa nikimruhusu huyu, yule aliyeazima shati kwa jirani nimwambie nini?"

"Na asiye na jirani wa kumwazima?"

Refa akamgeukia kinyozi. "Hilo swali lako nalichukua, nitalipeleka chamani. Lakini leo kanuni ni hii, na wote waliambiwa."

Kocha akamgeukia Kimya. "Uliambiwa, hukuambiwa?"

"Niliambiwa Jumamosi ni sare."

"Sasa umeambiwa sare, ukaja na kandambili?"

Kicheko kikarudi. Kimya alimtazama Kocha, akatazama shati jeupe la Sindano, suruali yake, viatu vyake. Sindano alimwona akielewa. Akangoja kidole kielekezwe kwake. Kimya aliinamisha macho tu.

"Samahani, Kocha. Sikuelewa vizuri."

Basi hata hapo, hebu fikiria, wivu haukumwachia Sindano. Alimtazama mwenzake akiwaza: mbona hata kwa kunyamaza ananishinda?

Refa alishika kalamu amwandike mshindi. Ndipo mama akasimama.

"Samahani, refa. Mtoto msimlaumu. Mimi ndiye mwenye nyumba, na cherehani ninazo. Nilitakiwa nimuulize atavaa nini, sikumuuliza. Aibu hii ni yangu."

Nusu ya watu mle ndani walikuwa wamevaa nguo zilizoshonwa na mkono wake. Sindano angeweza kuvumilia mengi, lakini si mama yake kusimama mbele ya watu akibeba kosa lisilo lake.

"Mama hakujua," akasema. Akasogea mbele ya refa. "Mama hakujua chochote. Kocha alinituma mimi. Nilimwambia Kimya ni sare, akadhani mechi imeisha sare, na mimi nikamwacha adhani hivyo."

"Kwa nini?" refa akauliza.

"Kwa sababu angenishinda."

Refa akaiweka kalamu mezani.

"Kanuni inataka mchezaji awe na sare mechi yake inapoanza. Haisemi ya nani ianze kwanza. Wavulana watacheza sasa, wasichana mwisho. Fundi, utaweza?"

"Nitaweza," mama akasema, "nikipata mtu wa kunishonea vifungo." Na jicho lake lilijua linamtazama nani.

Dukani hakuna aliyepiga porojo. Kulikuwa na shati jeupe la mteja lililobakia kola na vifungo. Mama akalichukua, mteja atashonewa jingine. Suruali nyeusi ya zamani ya Sindano ikafumuliwa pindo. Viatu vikawa vya mama mwenyewe, vimejazwa vitambaa mbele ili visimtoke. Cherehani ikawa inalia, na Sindano, kwenye kigoda, akashona vifungo vya shati ambalo huenda lingemnyang'anya nafasi yake.

Wazo likamjia. Kifungo kimoja tu, akikifunga kwa uzi mlegevu, kitafyatuka Kimya atakapoinama kupiga. Nani atajua? Alikishika kifungo kile muda mrefu. Kisha akapitisha uzi tena, na tena, akafunga fundo na kulikaza mpaka kidole kikamuuma. Mama aliona, akaendelea na kola.

"Dada," Kimya akasema taratibu, "ungeniambia tu kwamba unaogopa."

"Ningekuambia nini? Kwamba natamani ungerudi kwenu?"

"Hata mimi natamani ningerudi kwetu." Kimya alikuwa akitazama mlangoni. "Wewe ukitoka shule unamkuta mama yako hapa. Mimi kila siku nikiwaona nyie wawili, roho inaniuma."

Sindano alibaki na sindano mkononi. Wiki zote zile alijiona ndiye anayenyang'anywa, wala hakuwahi kufikiri kwamba mwenzake anamwonea wivu yeye. Alimpa shati, na walipotoka akaishika kola akaiweka sawa shingoni mwa Kimya.

Gemu ya tano ilikuwa ndefu. Sindano alitangulia, akakosa mpira mmoja rahisi, na Kimya akaimaliza meza. Mpira mweusi, wa mwisho, ulipoingia shimoni ukumbi ulilipuka kwa makofi. Sindano akampa mkono. Alimpa kwa moyo mzito, tusidanganyane, lakini alimpa.

Kocha naye akasimama mbele ya watu. "Mimi pia nina kosa. Kanuni ya kumtoa mtu mashindanoni sikutakiwa kuituma kwa mdomo wa mpinzani wake. Kuanzia sasa itabandikwa mlangoni, na kabati la ukumbi litakuwa na mashati ya kuazima." Kinyozi akasema la kwanza atalitoa yeye, na refa akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Jioni, wakati wa kufunga duka, Kimya alikuwa nje akimsimulia mama yake ushindi kwenye simu. Sindano alibaki ndani na mama, akikunja kitambaa kilichokuwa kimekunjwa tayari.

"Mama, sikusema uongo hata neno moja."

"Ndiyo. Na mtu akadanganyika. Mwanangu, uongo si maneno tu. Ukimwona mwenzako anaamini lisilo kweli, na wewe unajua, ukanyamaza upate faida, umeshamdanganya."

Sindano akakubali kwa kichwa. Kisha akasema lile lililokuwa likimsumbua zaidi.

"Nimekiri mbele ya watu wote, nimeshona vifungo, nimempa mkono. Mbona bado namwonea wivu?"

Mama akazima taa ya cherehani, akamvuta karibu.

"Utamwonea tu. Hata mimi fundi mwenzangu akijaza wateja, roho huniuma. Wivu ukija, mwanangu, uache ukae pembeni mpaka uchoke. Ila usikubali ukutume. Alhamisi Kocha alikutuma kazi moja tu ndogo, wewe ukaenda kumfanyia kazi wivu."

Nje Kimya alimaliza kuzungumza, akaita, "Dada, njoo, mama mdogo wako anataka kukusalimia." Sindano akaweka kitambaa mezani. Kisha akatoka, akapokea simu, na kabla salamu hazijaisha akasema, "Mama mdogo, kuna jambo nilimfanyia Kimya. Nataka ulisikie kutoka kwangu."