Ufunguo Alikuwa Nao Mchumba Wangu

"Nassoro, fungua mlango!"

"Mlango upi tena, mpenzi? Niko geti kubwa, kuna lori linaingia."

"Wa nyuma! Mashine ya kukaushia inawaka, moshi umejaa, hatuonani!"

"Si mtoke mbele?"

"Moto uko mbele! Nassoro, tuko wanawake kumi na moja humu. Fungua!"

Nikasikia kwenye simu viatu vyake vinakimbia, halafu funguo zinagongana, mwenyewe anajisemea, "Si huu. Si huu. Ya Rabbi, si huu." Saa nne asubuhi hiyo, jua la Doha linawaka nje, na sisi tumejazana gizani kwenye mlango wa chuma uliotiwa kufuli kwa upande wa pili. Nyuma yetu taulo za mahoteli ya The Pearl zinateketea.

Nje kuna mtu akaanza kubonda. Nikaijua sauti yake, alikuwa Githinji, Mkenya anayeendesha gari la mashuka.

"Madam! Rudini nyuma kidogo, nagonga hii kitu na jeki!"

Dada Mwanahamisi, mkubwa wetu, akanishika mkono. "Tatu, mie sivuti pumzi," akasema, akaanguka.

Mlango ukafunguka. Hakuuvunja Githinji, ulifunguliwa na ufunguo wa Nassoro, naye macho mekundu, jasho chapachapa. Alinikumbatia mbele za watu bila kujali kitu.

"Alhamdulillahi, Tatu wangu. Alhamdulillahi."

Nikalia kifuani kwake. Wallahi siku ile nilimpenda kuliko siku zote. Niliona nimepata mwanamume, kumbe namshukuru aliyenifungia.

Mimi ni mwalimu. Nimefundisha historia kidato cha tano na cha sita Muheza miaka minne, kwa kujitolea, nikingoja ajira mpaka nikachoka. Sasa nakunja mashuka Sanaiya, mtaa wa viwanda wa Doha, kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hoteli. Nassoro ni mtu wa Makunduchi, mlinzi wa kiwanda hichohicho. Posa ilishajibiwa, mahari yalishapokelewa, nikahi tuliipanga baada ya Idi tukienda likizo. Moto ulitokea Jumatatu.

Jumanne mdogo wangu Husna akapiga simu kutoka Tanga. Yuko kidato cha sita na mtihani umemkaa kooni.

"Dada, nisaidie swali. Je, ukuaji wa viwanda Marekani uliwanufaisha watu wote sawa? Jadili."

"Swali langu hilo! Andika. Reli, chuma, mafuta, matajiri wakatajirika. Wahamiaji wakajaa viwandani. Watu weusi waliotoka kusini wakapewa kazi za chini kabisa, na vyama vingi vya wafanyakazi vikawafungia nje. Wanawake wakalipwa pungufu kwa kazi ileile."

"Mfano?"

"Mfano, New York, mwaka 1911, kiwanda cha kushona blauzi. Moto ulishika ghorofa za juu. Wakafa watu mia moja arobaini na sita, wengi wasichana wahamiaji, kwa sababu mlango mmoja..."



"Dada? Mlango mmoja umefanyaje?"

"Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, Husna."

"Na nani?"

Miaka minne nimelifundisha somo hilo, hoja ya kwanza mpaka ya sita, na sikuwahi kujiuliza. Vitabu vinataja wenye kiwanda. Lakini kuna mtu aliyeugeuza ufunguo kwa mkono wake asubuhi ile, na huenda alikuwa na mchumba wake humo ndani.

"Nitakupigia baadaye," nikamwambia.

Jumatano supavaiza wetu, Bradley, kijana wa Nakuru mwenye tai hata kwenye joto, akatukusanya penye meza za kukunjia.

"Wasichana, skizeni. Kesho inspekta anakuja. Hiyo mlango ya nyuma ilikuwa wazi. Mlipata panic tu, mkasukuma badala ya kuvuta. Kila mtu asaini hapa, tuendelee na kazi."

"Mimi sisaini," nikasema.

"Tatu, usianze."

"Naanza. Mlango ulikuwa na kufuli miezi mitatu. Dada Mwanahamisi yuko hospitali anavuta hewa kwa mpira, unataka tuseme hatujui kuvuta mlango?"

"Unataka nikuitie mudiri, bosi wa kiwanda?"

"Mwite. Na akija nitamuuliza: upande wa wanaume wanaopiga pasi, mlango wao wa nyuma una kufuli?"

Hauna. Haujawahi kuwa nalo. Wanaume wanatoka, wanavuta sigara, wanarudi. Sisi tulikuwa tunaomba ruhusa kama watoto wa chekechea.

"Kwa nini sisi tu, bosi Bradley? Wao pumzi wanayovuta ni tofauti?"

Akapandwa na hasira.

"Unaniangalia mimi? Hiyo kufuli haikuwa wazo yangu! Ilitoka kwa sekyuriti. Enda uulize bwana yako!"

"Muongo wewe."

"Muongo? Soma!"

Akanibandikia simu usoni. Jina la Nassoro liko juu, tarehe ya miezi mitatu nyuma.

*Bosi, salama? Hawa wanawake wa mashuka wanatoka sana mlango wa nyuma, wanasimama na madereva. Haipendezi. Bora utiwe kufuli, ufunguo nikae nao mie.*

Na chini yake jibu la Bradley, kidole gumba kimesimama. Ameafiki.

Nikaikumbuka wiki ile. Githinji aliniletea chai ya karaki, tukasimama dakika kumi mlangoni ananionyesha picha za bintiye mchanga aliyezaliwa Nyeri. Nassoro alininunia siku mbili, nikamuuliza ana nini, akasema kichwa kinamuuma.

Jioni ya saa kumi na moja nilimwita Nassoro aje Muaither, kwenye kibanda cha chai karibu na nyumba tunayokaa wafanyakazi. Akaja ananukia udi, anatabasamu.

"Mbona uso umekunjamana, mpenzi?"

"Nimeusoma ujumbe wako kwa Bradley."

"Ujumbe upi?"

"Nassoro, usinifanye mtoto."

Akaweka kikombe chini taratibu.

"Tatu, mie n'lifanya kwa mapenzi."

"Mapenzi?"

"Yule dereva kila siku yuko pale, anakuchekesha. Na wewe unacheka. Mie niko getini na jua langu, naona yote. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekuuliza! Ningekwambia, Nassoro, sipendi. Tungegombana, yakaisha."

"N'liona haya."

"Uliona haya kuniuliza, hukuona haya kunifungia kama mbuzi? Mimi na wanawake kumi wasiokutaka wala kukujua?"

"Si nimekufungulieni mwenyewe? Mkono huu uliungua na kile chuma, tazama!"

"Nitazame nini? Dada Mwanahamisi ana wajukuu wawili Kilwa anaowalea. Angekufa kwa sababu nilicheka?"

Watu wa meza ya jirani wakageuka. Sikujali. Nikamweleza habari za New York, nikamweleza kama nilivyokuwa nawaeleza wanafunzi wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hao waliwafungia wasiibe. Mie sikuwa na nia mbaya."

"Aliye ndani ya moshi ana habari gani na nia yako?"

"Tatu..."

"Unajua kesi yao iliishaje? Wenye kiwanda walishinda. Haikuthibitika kwamba walijua mlango umefungwa. Watu mia na arobaini na sita wamekufa, na hakuna aliyejua! Karatasi ya Bradley umesaini?"

Akatazama chini.

"Umesaini, Nassoro?"

"Nimesaini."

"Kwamba ulikuwa wazi."

"Kasema nikikataa wananirudisha. Nikirudi sina kazi, harusi itakuwaje? Fikiria na hilo basi!"

"Harusi ya nani?"

Akanishika mkono. Nikautoa. Mkono wenyewe nilikuwa naupenda, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kesho mkaguzi anakuja," nikamwambia. "Kasome karatasi yenu mbele yake au sema kweli. Mimi nitasema la kwangu hata nikibaki peke yangu."

"Na nikisema kweli, utanioa? Yaani, tutaoana?"

"Usininunue kwa ukweli, Nassoro. Sema kwa sababu ni kweli."

Alhamisi mkaguzi akaja, mama mmoja wa Kiqatari, mpole wa sauti na mkali wa macho. Tukapangwa mstari. Dada Mwanahamisi alitoka hospitali asubuhi hiyo, akakataa kulala, akaja amejifunga mtandio kifuani anakohoa.

Bradley akasoma karatasi yake kwa Kiingereza kizuri. Mlango wazi. Wanawake walishikwa na hofu. Sahihi kumi hizi hapa, tisa za wanawake na moja ya mlinzi.

"Sahihi yangu haimo," nikasema kwa Kiingereza changu cha ualimu. "Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje."

"Huyu ana kinyongo na mimi, madam," Bradley akadakia.

Mkaguzi akawatazama wenzangu mmoja mmoja. Wote macho sakafuni. Siwalaumu, kila mmoja ana watu wanaomtegemea kwao. Basi akamgeukia Nassoro, akamuuliza kwa Kiarabu.

Nassoro anakijua Kiarabu, kwanza cha madrasa, kisha cha miaka sita ya Doha. Bradley akakohoa. Kisha Nassoro akajibu, maneno mengi, polepole, nami sikuambulia ila neno moja la mlango. Nikaona uso wa mkaguzi unabadilika, kalamu inakwenda mbio.

"Kasema nini?" dada Mwanahamisi akauliza.

Akamgeukia mwenyewe.

"Wewe Nassoro! Umesema nini? Sema Kiswahili tukusikie. Waliofungiwa ni sisi, si huyo mama."

Nassoro akavua kofia ya kazi.

"Nimesema mlango ulifungwa. Nimeufunga mie, kila asubuhi, miezi mitatu. Na aliyetaka ufungwe ni mie. Bosi Bradley alikubali tu."

"Kisa?"

"Wivu, dada. N'lionea wivu mchumba wangu."

"Wivu?" Dada Mwanahamisi akamsogelea mpaka wakatazamana. "Mapafu yangu haya, wivu wako? Mie mchumba wako? Mie nimekukosea nini, mwanangu?"

"Hukunikosea. Nisamehe."

"Sikusamehe leo. Leo nakohoa."

Mmoja wa wenzangu akasonga mbele akasema ile sahihi ni yake lakini maneno si yake. Mwingine akafuata. Mkaguzi akaomba kitabu kipya cha kuandikia maelezo yetu. Bradley akalegeza tai yake. Mudiri akapigiwa simu aje mara moja, na kabla ya adhuhuri kufuli lilikatwa, likatiwa kwenye mfuko wa ushahidi. Tuliambiwa milango itawekewa fito ya kusukuma isiyohitaji ufunguo, wetu na wa wanaume sawasawa.

Bradley alisimamishwa. Nassoro kampuni ilimvunjia mkataba, akapewa wiki moja.

Siku ya safari alinipigia. Nilikuwa ndiyo naingia zamu ya mchana.

"Tatu, niko uwanja wa ndege."

"Najua."

"Nilisema kweli. Mbele ya wote."

"Ulisema. Nilijivuna, Nassoro, sitakuficha. Nilitaka nipige vigelegele pale pale."

"Basi nikusubiri baada ya Idi? Mama keshaanza kutafuta wapishi."

Akaendelea kwa haraka, kama anayeogopa simu itakatika.

"Sitarudia. Naapa. Ucheke na nani, uzungumze na nani, mie sitouliza."

"Unaona? Bado unadhani ni wewe wa kunipa ruhusa."

"Sikukusudia hivyo..."

"Najua hukukusudia. Hata ile siku hukukusudia."

Nilimsikia analia. Nami nililia, nimeegemea ukuta wa kiwanda, wenzangu wananipita wakijifanya hawaoni.

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda sana. Hilo ndilo linaniliza."

"Basi nisamehe."

"Kukusamehe nimekusamehe tangu juzi. Kuolewa nawe ndiko sitaki. Leo nampigia Baba awarudishie mahari yenu, na Mama yako nitampigia mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Safari njema, Nassoro."

Nikakata simu, nikajifuta uso kwa mkono wa sare, nikaingia kazini.