Bei ya Ndoano Moja

Jua lilikuwa linazama nyuma ya foleni ya malori Judith alipofika kwa wachinja kuku, sokoni Tunduma, kuokota manyoya. Alikuja kila Ijumaa na mfuko wake wa salfeti. Alitaka manyoya ya shingo ya jogoo tu, yale membamba yanayong'aa, na wachinjaji walimwachia bure kwa kuwa kwao yalikuwa takataka.

Kazi hii alifundishwa na marehemu mumewe, Barnaba, aliyewahi kupika katika kambi ya wazungu wavuvi huko Zambia. Unachukua ndoano, unaizungushia manyoya kwa uzi mwembamba, unafunga na kukaza mpaka samaki aape kuwa ni mdudu. Mchana Judith aliuza nyanya pale Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, jioni alifunga ndoano. Alikuwa na mkono mwepesi, na thamani ya mkono huo shemeji yake aliijua kuliko mwenyewe.

Shemeji huyo ni Lusubilo, mdogo wake Barnaba. Matanga hayajapoa, akachukua nyumba. Akachukua simu ya marehemu yenye namba ya mnunuzi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mwisho akamchukua Violet, binti yao wa miaka saba, akisema mtoto ni wa ukoo. Tangu hapo Judith alimpelekea ndoano mia kila wiki, kila moja shilingi mia saba, na hizo mia saba hazikuwa kitu. Malipo hasa yalikuwa kumwona mwanawe Jumapili, nusu saa, pale sebuleni, Lusubilo akiwa amekaa katikati yao.

Jumapili tatu sasa geti halikufunguliwa. Mchana wa Ijumaa hiyo dereva mmoja alikuja kununua nyanya, kofiani amechomeka ndoano ambayo Judith aliitambua kwa fundo lake. Akaambiwa imenunuliwa Nakonde kwa kwacha ambazo ukizibadili zinafika shilingi elfu kumi na mbili. Judith alimpimia nyanya zake, akamrudishia chenji, akamtakia safari njema. Kisha akakaa chini, akapiga hesabu ya tofauti. Aliwaza kwamba mtu anayekula jasho lake namna hiyo ndiye huyohuyo anayemfungia mtoto. Hasira ni hasara, tunajua sote, lakini mwambie hivyo mwanamke aliyenyang'anywa mwana uone atakavyokutazama.

Wachinjaji walikuwa wameshaondoka. Umeme ulikuwa umekatika. Lilibaki pipa kubwa la maji wanamochovyea kuku kabla ya kuwanyonyoa. Moto chini yake ulikuwa umezimika, majivu yamepoa.

Lakini maji yalikuwa yanachemka.

Judith aliinama kuokota. Harufu ya manyoya mabichi aliizoea. Hii nyingine hakuizoea hapa... harufu ya matope ya ziwa, ya samaki aliyelala. Alizaliwa Kamsamba, karibu na Ziwa Rukwa, aliijua.

"Ndoano moja bei gani, mama Violet?"

Mwanamke alikuwa amesimama upande wa pili wa pipa. Amejitanda kitenge mpaka usoni. Kitenge kinachuruzika maji, na mvua haikuwa imenyesha wiki mbili.

Judith alijibu kwa mazoea kwamba ni mia saba. Mwanamke akacheka kidogo, bila sauti, mabega tu yakitikisika. Akasema mtu anayeuza kwa bei aliyopangiwa na mwingine hajauza, ameporwa. Kisha akatoa kitu kutoka chini ya kitenge akakinyoosha juu ya mvuke. Ulikuwa uzi. Mrefu, wa kijivu, umelowa.

Ulikuwa unywele.

"Nifungie moja kwa huu," akanong'ona. "Taja bei yako mwenyewe."

Alitakiwa kukimbia. Mimi ningekimbia, nawe pia. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia Judith ataje bei yake mwenyewe, na maneno hayo yalimwingia mahali palipokuwa na kidonda. Akatoa ndoano mfukoni. Vidole vikaanza kazi vyenyewe, vinazungusha, vinakaza, huku machozi yakimdondoka.

"Sitaki hela," akasema. "Nataka Lusubilo alie."

Mwanamke akainamia pipa. Akaeleza polepole kwamba Lusubilo mwenyewe hashikiki, ana kinga zake alizozifuata mbali. Ila anachokipenda kuliko vyote hakina kinga. Hicho anaweza kukivua.

"Nikikivua, ni changu. Unakijua ni nini?"

Judith aliliona akilini lori jekundu la Lusubilo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Lusubilo alikuwa mchapakazi, na lori hilo alilinunua kwa miaka tisa ya kulala mipakani. Kila jioni aliliosha kwa mkono wake, akalipangusa vioo kwa fulana safi.

"Nakijua."

"Nakuuliza tena. Unakijua?"

"Nimesema nakijua. Kichukue."

Ndoano ikatumbukizwa kwenye pipa. Maji yaliacha kuchemka palepale. Yakawa meusi, tuli, na unywele ukawa unashuka tu... unashuka... kana kwamba pipa halina kitako. Mwanamke akamkabidhi Judith ncha yake, akasema anayetaja bei ndiye avute.

Kitu kikadonoa.

Judith akavuta. Akavuta kwa ajili ya nyumba, kwa ajili ya Jumapili tatu, kwa ajili ya zile mia saba. Alijisikia vizuri, tuseme ukweli. Alikuwa hajajisikia vizuri hivyo tangu azikwe Barnaba. Kitu kule chini kilirusharusha, kikagoma, kikavutika tena. Akashangaa kidogo tu kwamba ni chepesi. Lori lisingekuwa jepesi hivi.

Simu ikaita.

Alipokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado umekamata. Alisikia mwanaume analia. Alilia kwa sauti, kama watoto wanavyolia, na ikamchukua Judith muda kujua kuwa ni Lusubilo.

"Shemeji, njoo. Violet... alikuwa anakula, akaanza kukohoa. Anakohoa manyoya, shemeji."

Judith akainua macho. Kwenye pipa kulikuwa na maji yaliyopoa na utando wa mafuta ya kuku. Mwanamke hakuwepo. Unywele haukuonekana tena mkononi mwa Judith.

Lakini aliuhisi. Ulikuwa unapwita.

Hospitali walimmulika Violet kooni, wakampiga picha, hawakuona kitu. Mtoto alilala macho wazi, anapumua kwa shida, midomo imekauka. Judith alikaa kitandani kwake usiku kucha, ngumi ya kulia imefumbwa. Nesi alitaka kuifungua aone kama ameumia. Judith alimtazama kwa namna ambayo nesi aliondoka bila kuuliza tena.

Kesho yake, saa za kuona wagonjwa, Lusubilo alipiga magoti sakafuni mbele za watu. Alikuwa amezeeka kwa siku moja. Akaungama kwamba yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto, na kwamba Violet ndiye alikuwa akimfungulia geti kila jioni na kumshikia ndoo akiosha lori. Mwezi uliopita mtoto alianza kuomba arudishwe kwa mama yake. Ndiyo maana alifunga geti. Aliogopa.

"Nimekukosea, shemeji," akasema. "Akipona mchukue. Na nyumba ni yako, rudi."

Judith alisikia kila neno. Kila kitu alichokitaka kiliwekwa mbele yake pale, wodini, katikati ya harufu ya dawa na uji. Alitaka kumkumbatia mtu huyu aliyekuwa akimchukia. Alitaka kumwambia alichokifanya.

Harufu ikabadilika.

Matope. Samaki aliyelala.

Kati ya watu waliokuwa wakiingia na vyombo vya chakula, alikuja mmoja aliyejitanda kitenge mpaka usoni. Sakafu nyuma yake ilikuwa na maji. Akasimama miguuni pa kitanda, akamtazama Lusubilo aliyekuwa bado analia, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akamnyooshea Judith kiganja kitupu, akasubiri, kama mteja aliyekwishalipa na sasa anataka mzigo wake.

Unywele, ambao ndoano yake ilikuwa kooni mwa Violet, ukaanza kuteleza, taratibu, kutoka kati ya vidole vya Judith kuelekea kwenye kile kiganja.

Judith akakaza ngumi kwa nguvu zake zote.

Violet akaanza kukohoa.