Babu Haazimwi

Sogeeni karibu. Na wewe mwenye ndizi mdomoni, meza kwanza. Leo nawaambia habari za Kemilembe.

Kemilembe alikuwa na miaka saba na mapengo mawili. Kwao ni Bukoba, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba. Aliishi na Bibi, na Babu, na kiti cha Babu.

Kiti nakitaja kwa sababu Babu alikuwa hatoki juu yake. Mchana kutwa alilala pale pale. Koroooo... fyuuu. Koroooo... fyuuu.

Jioni ndipo alipoamka. Kila jioni alimsimulia Kemilembe hadithi moja. Bila hadithi hiyo, Kemilembe hakupata usingizi.

Sasa, shuleni kwao kulikuwa na kabati la vitabu. Mwalimu akamwonyesha linavyofanya kazi. Kila kitabu kina kadi yake. Ukiazima kitabu, kadi inabaki na inagongwa muhuri. Baada ya siku saba, unarudisha kitabu.

"Ila hii kamusi kubwa haitoki," mwalimu akasema. "Anayeitaka anakuja kuisoma hapa hapa."

Kemilembe alizipenda zile kadi kuliko pipi. Msicheke, ni kweli.

Akarudi nyumbani mbio. Akachukua boksi la sabuni, akalikata. Chak, chak, chak. Akapata kadi nyingi. Akakata kiazi kitamu, akakichovya kwenye masizi ya sufuria. Huo ndio ukawa muhuri.

Sufuria ikapata kadi. Jembe likapata kadi. Kuku akakataa kadi, lakini alifungiwa shingoni hivyo hivyo.

"Kila kitu na kadi yake,
kila kadi na muhuri wake.
Ba!"

Babu alikuwa amelala. Kemilembe akamchomekea kadi kwenye kofia. Aliandika: Jina, Babu. Anakaa, kitini. Ba!

Majirani wakasikia, wakaja kuazima. Mmoja akaazima jembe. Ba! Mwingine akaazima sufuria. Ba! Mwingine akaazima kuku, akaonywa asimle.

Asubuhi moja akaja Ma Leokadia, jirani wa shamba la chini. Ngedere walikuwa wanamaliza ndizi zake. Akatazama huku, akatazama kule, akamtazama Babu. Koroooo... fyuuu.

"Mjukuu wangu," akasema, "ngurumo hiyo itawafukuza ngedere wote. Naomba kumwazima huyu."

"Huyo ni Babu," akasema Kemilembe.

"Si ana kadi?"

Kemilembe akaangalia. Kadi ilikuwepo, na muhuri ulikuwepo. Angesema nini?

"Siku saba," akasema. Akaichukua kadi, akaigonga. Ba!

Babu akafumbua jicho moja. "Huko kuna ndizi za kuchoma?"

"Zipo," akasema Ma Leokadia.

"Twendeni," akasema Babu. Akabebwa na kiti chake.

Bibi akarudi kutoka sokoni. Akaona mahali pa kiti ni patupu.

"Babu yako yuko wapi?"

"Ameazimwa, Bibi. Siku saba tu."

Bibi akatua kapu chini. Akafikiri kidogo. "Makubwa haya," akasema. "Na akirudi amechanika?"

Jioni ikafika, na hadithi hakuna. Kemilembe alilala chali. Akalala kifudifudi. Akalala miguu ikiwa ukutani. Usingizi haukuja. Akahesabu vidole saba, na vidole saba ni vingi sana. Akalia.

Kulipokucha, akaishika kadi ya Babu, akatia kiazi chake mfukoni, akaenda shamba la chini.

"Shikamoo, Ma Leokadia. Nimemfuata Babu yangu."

"Marahaba, mwanangu. Ngedere wamekimbia wote. Lakini Babu hayupo tena hapa. Nimemwazimisha Ta Byabato, yule seremala."

"Bila kadi?"

"Bila kadi."

Kemilembe akaenda mbio kwa seremala.

Ta Byabato alikuwa anaokota vipande vya mbao.

"Nilimtumia kujaribu viti," akasema. "Kiti kikimbeba babu yako, kitambeba mtu yeyote. Vitatu vimevunjika."

"Na Babu?"

"Babu mzima, hata hakuamka. Wamemchukua watu wa kwaya."

"Bila kadi?"

"Kadi ya nini tena?" akauliza Ta Byabato.

Kemilembe akakimbia. Moyo wake ulienda du, du, du. Itakuwaje kama kwaya nao wamemwazimisha mtu? Na mtu huyo naye je? Bila kadi, babu anaweza kufika Mwanza hivi hivi.

Akafika kanisani. Kwaya ilikuwa inaimba. La, la, laaa. Na chini kabisa ya nyimbo akasikia kitu kingine.

Koroooo... fyuuu.

Babu alikuwa katikati yao, kwenye kiti chake, amelala fofofo.

Mwalimu wa kwaya akasimama mbele ya kiti. Alikuwa mrefu, na tai yake ilikuwa ndefu pia.

"Pole, binti," akasema. "Besi kama hii hatujawahi kuipata. Jumapili tunamhitaji."

"Ni Babu yangu."

"Lakini nasikia ni wewe uliyemwazimisha."

Ni kweli, Kemilembe alimwazimisha mwenyewe, kwa mkono wake na kiazi chake. Machozi yakamtiririka mpaka kwenye mapengo.

Akaitazama kadi. Akawaza kabati la shuleni. Akawaza vitabu vinavyotoka na kurudi. Halafu akaikumbuka ile kamusi kubwa.

Akaigeuza kadi. Akatoa penseli. Akaandika polepole, ulimi nje:

Babu haazimwi. Anayemtaka, aje kwetu.

Akatoa kiazi mfukoni. Ba!

Mwalimu wa kwaya akaisoma kadi. Akaisoma tena. Akageukia kwaya yake.

"Ina muhuri," akasema kwa huzuni.

Ninyi mnajua watu wazima. Wakiona muhuri, hunyamaza. Basi wakambeba Babu, wakamrudisha kwao na kiti chake. Bibi akamkagua mbele, akamkagua nyuma. Hakuwa amechanika.

Tangu siku hiyo, aliyemtaka Babu alimfuata Babu. Kwaya ikaja kuimba uani. Ta Byabato akaja na viti. Ma Leokadia akaja na ndizi za kuchoma. Hata ngedere walikuja, wakapanga foleni vizuri.

Jioni wote wakaenda makwao. Kemilembe akakaa karibu na kiti.

"Nilikosea, Babu," akasema. "Nilikukumbuka sana."

"Hata mimi," akasema Babu. "Kwaya hawasimulii hadithi."

Akamsimulia moja. Na kwa kuwa alidaiwa moja, akamsimulia mbili.

Kemilembe akakua. Akasoma, akasoma, akasoma. Akawa profesa wa ukutubi. Hiyo ni elimu ya kutunza vitabu ili anayekitafuta kimoja akipate. Katika chuo chake hakujawahi kuwa na mwanamke profesa wa kazi hiyo. Yeye ndiye wa kwanza.

Siku ya kwanza mzee mmoja wa pale akamuuliza, "Mama, umemfuata nani?"

"Nimefuata kiti changu," akajibu. Akakikalia.

Kisha akaingia darasani, akaandika ubaoni:

Vitabu vinaazimwa. Babu haazimwi.

Wanafunzi wote wakanakili. Mmoja mwenye miwani akanyoosha mkono.

"Profesa, na bibi je?"

Profesa akafikiri sana. "Kwenye kitabu hakuna," akasema.

Miaka ikapita. Nywele za Profesa zikawa nyeupe, na akapata mjukuu, jina lake Asimwe. Lakini vyuo vya mbali vilimwita kila mara aende kufundisha. Siku saba huku, siku saba kule. Jioni nyingi Asimwe alilala bila hadithi, miguu ikiwa ukutani.

Jioni moja Profesa alikuwa anapanga nguo kwenye begi. Akasikia kitu chumba cha pili. Chak, chak, chak.

Asimwe akaja. Mkono mmoja ulishika kipande cha boksi la sabuni. Mkono wa pili ulishika kiazi. Akamchomekea Profesa kadi kwenye kilemba.

Ba!

Profesa akaitoa kadi, akavaa miwani, akasoma.

Jina, Bibi. Anakaa, hapa. Haazimwi.

Akaisoma tena. Macho yake yakalowa. Akalifungua begi, akazitoa nguo moja moja, akazirudisha kabatini.

"Bibi, huendi?" akauliza Asimwe.

"Nitaendaje?" akasema Profesa. "Ina muhuri. Wanaonitaka, waje kwetu."

Akajilaza kando ya Asimwe, akaanza hadithi. Ilikuwa hadithi nzuri, lakini mwisho wake hakuna aliyeusikia. Asimwe alitaka kuuliza swali, akageuka, akamtazama Bibi.

Koroooo... fyuuu.