Harusi ya Kukimbia Matanga

Siku ya kuamkia tarehe njema ya kuoana, soko la maua la Da Lat halina adabu. Watu wanakanyagana, wanapokonyana mafungu ya waridi, na ukungu ni mzito hata hujui nani kakutukana. Khue alikuwa amechuchumaa nyuma ya ndoo zake akinywa maziwa ya soya ya moto, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi, buti za mpira zimeganda tope jekundu. Ghafla mkono wa mwanamume ukazama kwenye ndoo ya katikati na kuibuka na fungu zima.

"Ala! We kaka, hayo yana mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye mimi."

"Kuna mama kayaagiza tangu jana."

"Mama hajafika, mimi nimefika." Alikuwa na koti la ngozi, shati jeupe lililopigwa pasi, na marashi yaliyoshinda harufu ya majani mabichi ya soko zima. "Nina maharusi wengi kesho, dada yangu, na humu sokoni hakuna mwingine mwenye zambarau iliyokolea namna hii. Yanaitwaje?"

"Maua ya sindano. Huoni vinavyochomoza hapo katikati, kama pini kwenye kimto cha fundi cherehani?"

"Naona. Na aliyeyapanda naye anachoma?"

"Ondoka nayo hivyo hivyo uone."

Luan hakuondoka nayo hivyo hivyo. Aliondoka na nusu ya fungu na namba ya simu ya Khue, na yule mama aliyeagiza akaambulia nusu iliyobaki, akammiminia Khue matusi. Kazi ya Luan ilikuwa kupamba harusi, kuanzia magari na malango hadi mashada ya mabibi harusi, na ulimi wake ulikuwa mtamu kiasi kwamba wanawake wa sokoni walimwongezea mashina ya bure. Mimi sijawahi kumwamini mwanamume anayeongezewa vitu bure, lakini hakuna aliyeniuliza.

Jioni simu ikalia.

"Nani?"

"Mwizi wa maua."

"Wezi siwauzii."

"Basi niajiri. Nije nikulimie."

"Na viatu vile?"

"Nitavua."

Akaja, na akavua kweli. Bustani ya Khue ilikuwa nyuma ya nyumba aliyoachiwa na babake, matuta machache kwenye mteremko juu ya kichochoro, yenye paa la nailoni la kuzuia mvua na nyavu za kushikilia mashina, maana ua la sindano lina shingo ndefu na nyembamba, upepo mdogo tu linalala. Khue akampa mkasi na kumwonyesha: kata mapema kabla ya jua, kata chini kabisa kwenye kifundo cha majani, chagua lililofungua petali za nje huku katikati pakiwa bado pamebana.

"Na haya yaliyofunguka yote?"

"Kata, tupa."

"Hata hili dogo? Zuri hivi?"

"Hata hilo. Ukiliacha likafunga mbegu, mche unaona kazi yake imekwisha, unaacha kuchanua. Si mmea wa kuuonea huruma huu."

"Una roho mbaya wewe."

"Nina maua mimi."

Alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Miezi ile mtu angepita kichochoroni angewasikia wakigombana kwa raha: amekata juu mno, amekanyaga miche, ameiba chipukizi la kubandika kwenye koti lake. Alimletea mkate wa mchele wa kuchoma ungali moto, akamfunga skafu shingoni kwa mikono yake. Nisimsingizie, Luan alimpenda. Alimpenda kama watu waoga wanavyopenda, kwa moyo wote mpaka pale mtu mwingine atakapokunja uso.

Aliyekunja uso alikuwa Bibi Sam, mama yake. Khue alipelekwa kwake akiwa amevaa sweta jipya la bluu na nywele zimesukwa. Bibi Sam alimkaribisha vizuri, akammiminia chai, akamsogezea matunda ya sukari, kisha akauliza jambo moja tu.

"Umezaliwa mwaka gani, mwanangu?"

"Mwaka wa chui milia, mama."

Kikombe kikashuka polepole. Hapa kwetu kila mwaka una mnyama wake, na msichana wa mwaka wa chui husemwa kwamba atammeza mume.

"Na saa ya kuzaliwa?"

"Jioni, mama."

"Jioni," Bibi Sam akarudia. "Ndiyo saa anayotoka kuwinda." Akamgeukia mwanawe, sauti laini kabisa. "Luan, mpe mgeni mwavuli. Mvua inakuja, asije akaloa."

Nje hapakuwa na hata wingu. Khue alitembea mpaka nyumbani na mwavuli wa watu mkononi.

"Nitaongea naye," Luan alisema kwenye simu. "Nipe muda tu, mpenzi."

"Muda wa kubadilisha mwaka wangu wa kuzaliwa?"

"Usiwe mkali hivyo."

"Si ndivyo chui walivyo?"

Simu zikapungua. Kwanza alikuwa na kazi Saigon, halafu mama hajisikii vizuri, halafu kimya. Siku alipopiga tena, Khue aliangusha mkasi kwa haraka ya kupokea.

"Nahitaji shada la uchumba," Luan alisema, sauti kama ya mteja asiyemjua. "Yale ya zambarau iliyokolea na meupe. Hakuna mwenye yako, Khue."

"Liende wapi?"

"Bao Loc, kwa basi la asubuhi."

"Na majina ya kuandika kwenye utepe?"

"Andika tu pongezi."

"Kaka, utepe hauendi bila majina."

"Luan na Ngan," akasema.

"Luan yupi?"

"Mimi."

Khue alikata maua mazuri kuliko yote aliyowahi kukata, akayafunga, akayapeleka kwenye basi kwa mkono wake mwenyewe. Angeweza kumtumia yaliyooza, na mimi ningempigia makofi. Baada ya hapo hakuingia bustanini kwa wiki nyingi. Maua yakafunguka, yakapauka, yakawa vichwa vya mbegu vikavu, na miche ikakoma kuchanua. Mwishowe alipochoka kulia aling'oa yote, akasia upya, akabana vilele ili miche itanuke, akafunga nyavu mpya. Mauzo ya sokoni yakarudi. Akaanza hata kucheka na watu.

Alikuwa anainua mashina yaliyolazwa na mvua siku Luan alipojitokeza tena kwenye lango la nyuma, amekonda, koti la ngozi linavuja maji.

"Khue."

"Duka limefungwa."

"Mama anakufa. Hospitali wamemrudisha nyumbani."

Mkono wa Khue ukasimama kwenye wavu. Hapakuwa na haja ya kuelezwa zaidi. Mzazi akikata roho kabla kijana hajaoa, ni miaka mitatu ya matanga bila harusi, kwa hiyo watu huharakisha ndoa mgonjwa angali anapumua. Huiita harusi ya kukimbia matanga.

"Ngan je?"

"Mama yake amekataa. Anasema mwanawe haolewi kwenye nyumba ambayo jeneza limeshaagizwa."

"Kwa hiyo mmeshuka kwangu."

"Nimerudi kwako. Mama asingeugua ningeoa nisiyempenda, sasa Mungu kanifungulia mlango, wewe unataka kuufunga?"

"Mlango umefunguliwa na saratani, Luan. Na mimi bado ni chui."

"Mama amelainika. Amekubali."

Hapo alidanganya, macho makavu, mvua ikimtiririka usoni.

"Lini?"

"Kesho asubuhi. Dada yangu Tuyet ameshatafuta gauni."

Khue angechukua bomba la maji amwoshe nalo mpaka barabarani. Badala yake alimtazama muda mrefu, akaona jinsi kola ya shati ilivyochafuka, yeye aliyekuwa akipiga pasi hadi kamba za viatu, na moyo wake mjinga ukamsaliti.

"Sema unanipenda," alisema, "bila kumtaja mama yako."

"Nakupenda, Khue."

Asubuhi alikata bustani nzima. Alijifungia shada mwenyewe, zambarau iliyokaribia weusi kwa weupe, likawa zito na zuri kuliko yote yaliyowahi kutoka mikononi mwa Luan. Alivalishwa ao dai, gauni refu la harusi la hariri nyekundu, lililombana mabegani, na kilemba cha dhahabu. Alipendeza. Wajomba wa Luan waliotoka pwani, ambao hawakuwahi kumwona Ngan wala yeye, walimtazama akipanda ngazi za nyumba ya Bibi Sam wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Kwenye ngazi ya juu Luan akamshika kiwiko.

"Kitu kimoja kidogo, mpenzi."

"Nini tena?"

"Mama anajua ni Ngan. Macho yake yamekwisha, hataona. Ni kwa saa moja tu."

Khue alihisi hariri imekuwa baridi mgongoni. "Ulisema amelainika."

"Ningekwambia ukweli ungekuja?" Aliongea upesi, akiwatabasamia wajomba juu ya bega lake. "Atakufa na amani, basi. Akishapumzika jina lako litatamkwa mbele ya ukoo wote. Nakuapia, Khue. Utakuwa mke wangu kwa jina lako."

Nyuma yake ngazi ilijaa watu, mbele yake mlango ulikuwa wazi, na aliyekuwa anamwomba ni mtu anayempenda. Aliingia.

Chumba kilinuka dawa na mafuta ya kuchua. Bibi Sam alikuwa amebaki mifupa na sauti.

"Ngan?"

Dada Tuyet alimfinya Khue mgongoni, pale ambapo hakuna ambaye angeona.

"Naam, mama."

"Sogea. Nipe mkono." Bangili ya dhahabu ikavutwa kutoka kwenye mkono uliokwisha ikaingizwa kwenye mkono wa Khue. "Ungechelewa kidogo tungeletewa yule chui wa bustanini. Umemwokoa mwanangu."

Khue alimtazama Luan. Luan alitazama sakafu.

"Akimrudia yule, usimfungulie mlango," Bibi Sam akasema. "Niahidi."

"Mama, umechoka," Luan akasema.

"Niahidi, Ngan."

Kidole cha Tuyet kikazama tena mgongoni.

"Naahidi, mama," Khue akasema, na mgonjwa akatabasamu kama mtoto aliyepewa pipi.

Alikata roho kabla chakula cha harusi hakijapakuliwa. Utepe mwekundu ulibanduliwa mlangoni na wale wale walioubandika, na meza za wageni zikageuzwa za waombolezaji bila kubadilishwa viti. Khue alivikwa shuka nyeupe ya matanga juu ya nyekundu, na kitambaa cheupe kichwani. Tuyet akafungua shada lake, akachomeka maua kwenye chupa mbili kando ya jeneza.

"Si yapo tu?" alisema. "Yasipotee bure."

Msimamizi wa ibada, mzee mwenye sauti ya kubeba kichochoro kizima, alisimama mbele ya jeneza kumtangazia marehemu wanaopiga magoti mbele yake. Alimwita mwana, akamwita binti. Kisha akageuka.

"Na mkwe wa marehemu, jina lake?"

Khue alikuwa na vijiti vya ubani vinavyofuka mkononi. Alisubiri jina lake litamkwe tangu ngazini, na ndilo lililomfanya anyamazie yote. Luan akainua uso. Tuyet akamwinamia sikioni, lakini si chini kiasi cha Khue kutosikia: "Usimsumbue mama safarini. Wajomba wanasikiliza."

Luan akawatupia wajomba jicho.

"Ngan," akasema.

"Ngan, mkwe wa marehemu!" mzee akapaza sauti. "Apige magoti!"

Khue hakupiga magoti. "Luan," alisema kwa sauti ndogo, "uliniapia."

"Si sasa, mpenzi. Matanga yakiisha tutaueleza ukoo."

"Baada ya miaka mitatu?"

"Piga magoti basi, watu wanatutazama!"

Alimtazama kwa mara ya mwisho, kwa utulivu, kama anavyokagua tuta. Akamkabidhi Tuyet ubani. Akavua kitambaa kichwani, akavua shuka nyeupe, akachomoa bangili na kuiweka juu ya vyote.

"Mpelekeeni mwenyewe," alisema.

Mjomba mmoja akapiga kelele kwamba huyu mwanamke ni mwendawazimu, kasimama na nyekundu mbele ya maiti. Khue akapita katikati yao, akashuka ngazi, akaingia kichochoroni ambako majirani walikuwa wanapanda na mashada ya maua ya msiba. Walimpisha wakijibandika ukutani, wengine wakifunika macho ya watoto.

Luan alimkimbilia hadi langoni, miguu mitupu, kitambaa cheupe kimemshukia puani. Alifungua mdomo, akasikia wajomba wamemfuata nyuma yake, na kilichotoka ni kile kile.

"Ngan!" aliita, analia kweli kweli. "Ngan, rudi! Ngan!"

Khue hakugeuka. Hakuna aliyekuwa amemwita.