Sakafu ya Chumba cha Keza

Kuku ndio walioanza kuona. Kwa miaka yote walikuwa na tabia ya kuingia chumba cha nyuma saa za jua kali na kujilaza kwenye ubaridi wa sakafu, na Kalista aliwafukuza kila siku. Jumatatu ile walifika mlangoni wakasimama. Wakainua shingo kutazama ndani, kisha wakarudi kinyumenyume bila kelele, kama wageni waliokosea nyumba.

"Afadhali wameshika adabu," Kalista alisema.

Mumewe, Anatory, hakuinua kichwa. Alikuwa barazani na karai la maji, akisugua jiwe.

Anatory alikuwa bwana mifugo mstaafu pale Mabawe. Kwa miaka thelathini na miwili alizunguka vijiji vya Ngara akitibu ng'ombe na mbuzi, na kabla ya kumpima mnyama alitazama kwanza kinyesi chake. Alikivunja kwa kijiti, akakagua rangi, akanusa. Basi rafiki yake Gozbert, dereva wa lori, alipomletea mawe kumi na moja kutoka kusini ya mbali, ambako lori lilimharibikia kando ya korongo, Anatory alishika moja, akaligeuza, akacheka peke yake. Lilikuwa limejisokota na kuchongoka upande mmoja. Mtaalamu wa miamba aliyekuwa akipita njia panda ya Nyakanazi alimthibitishia: kinyesi cha dinosaria mla nyama, kilichogeuka jiwe zamani kabla watu hawajakuwapo.

Tangu siku hiyo hakuwa na starehe nyingine. Alilowesha jiwe, akalisugua kwa msasa mkali, kisha msasa laini, mwisho kwa kitambaa, hadi likang'aa na kutoa wekundu wa ndani kama nyama iliyokaushwa. Kisha alilipanga dirishani pamoja na mengine.

"Wenzako wanapanga vikombe vya mpira," Kalista alimtania. "Wewe unapanga mavi."

"Yamekutangulia kuzaliwa haya, Mama Keza. Yaamkie."

"Shikamoo, mavi," alisema Kalista, na wote wawili wakacheka.

Mwezi huo binti yao Keza alikuja nyumbani kujifungua. Mumewe alibaki kazini Kahama. Mimba zake mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa tisa. Hakuna aliyeizungumzia kwa sauti kubwa. Kalista alimtengea chumba cha nyuma, ambacho bado kilikuwa na sakafu ya udongo, akaisiriba upya kwa samadi ya ng'ombe kama mama yake alivyomfundisha. Samadi haikutosha. Barazani kulikuwa na ndoo ya tope la kijivu, lile linalobaki kwenye karai mawe yanaposuguliwa. Kalista alilikoroga pamoja na samadi akapaka hadi kona ya mwisho. Sakafu iling'aa kuliko zote alizowahi kusiriba. Hakuona haja ya kumwambia mtu, maana kwake samadi ilikuwa samadi.

Siku ya tatu ikaja harufu. Samadi ikikauka hunukia nyasi, lakini hii ilikuwa harufu ya kinamasi, na chini yake harufu ya buchani.

Saa nane mchana, Kalista akiwa shambani, Anatory alisikia mnyama akilala chini ndani ya nyumba. Sauti hiyo aliijua vizuri: magoti yanatua, uzito unafuata, kisha pumzi ndefu. Alidhani ng'ombe wa jirani ameingia. Alichukua fimbo akaenda chumba cha nyuma.

Keza alikuwa amekaa juu ya kitanda, mgongo ukutani, miguu ameikunja.

"Baba, usiingie," alinong'ona.

"Kuna nini?"

"Limelala. Liko kati yangu na mlango."

Anatory hakuona kitu ila sakafu. Lakini alipoendelea kutazama aliona sakafu yenyewe ikibonyea katikati, polepole, kama godoro linapokaliwa na mtu mzito, na vumbi la dirishani lilikuwa likivutwa kuelekea pale palipobonyea na kusukumwa nje tena, likivutwa na kusukumwa, kwa mwendo mtulivu wa kifua kikubwa kinachopumua.

"Linafanya nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Linanusa sakafu. Halafu linaninusa mimi, hapa." Keza aliweka mkono tumboni. "Halina hasira, Baba. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Anatory alimnyooshea mkono. Keza alishusha mguu mmoja, na hapo ile pumzi ikakatika, na kutoka ardhini ukapanda mngurumo ambao Anatory hakuusikia kwa masikio bali kwa meno. Keza akaurudisha mguu juu.

Kalista aliporudi, Anatory alimwuliza swali moja tu: sakafu ile ameisiriba kwa kitu gani? Kalista akasema. Anatory akakaa chini pale pale uani. Alijua wanyama wengi huweka kinyesi chao mpakani, kuonyesha kwamba hapa ni kwao.

Jua lilikuwa bado juu Kalista alipomleta Bibi Niragira, mkunga na mganga. Yule bibi alifika mlangoni mwa chumba, hakuvuka.

"Shikamoo, bibi," Anatory alisema.

"Marahaba. Nani amelikaribisha?"

Kalista akaonyesha ndoo ya barazani, kisha mawe ya dirishani.

"Hili ni jini lililokaa ndani ya mnyama," Niragira alisema taratibu. "Mnyama alikufa, lenyewe likabaki ndani ya alichokiacha. Sasa mmelisiribia chumba. Linaona limefika kwake, na kwake limemkuta mwenye mimba. Linamhesabu kuwa jike lake."

"Na mtoto?" Kalista aliuliza.

"Linamhesabu vilevile."

Akaamuru sakafu yote ikwanguliwe siku hiyo hiyo, na mkono uliosugua mawe ndio ukwangue. Mawe yenyewe yarudi kusini yalikotoka. Isibaki hata punje, kwa sababu punje moja hulipatia haki ya kukaa.

Niragira alichoma majani yake mlangoni akisoma maneno ya chini chini, na Anatory akaingia kwa magoti na jembe fupi, akikwangua na kujaza gunia, akikwangua na kujaza, huku pumzi ile ya moto ikimtua shingoni na kulowesha kola ya shati lake, na kila alipofika mahali palipobonyea alilazimika kusubiri, kichwa ameinamisha, hadi uzito ule usogee kidogo kumpisha, na uliposogea ulisogea kuelekea kitandani, daima kitandani, na hakuthubutu kumtazama binti yake usoni.

Walijaza magunia matano. Lilipotoka la mwisho, kitu kikubwa kilimpita Anatory begani kikifuata gunia, na chumba kikawa chepesi.

"Sakafu yote imetoka?" Niragira aliuliza.

"Yote," alisema Anatory.

"Yote," alisema Kalista.

Keza aliitikia kwa kichwa.

Kesho yake Anatory alipeleka magunia na mawe yote Nyakanazi, akampakilia Gozbert kwenye lori la kurudi kusini. Baada ya wiki mbili Keza alijifungua salama zahanati, mtoto wa kike wa kilo tatu na robo. Kalista alilia kwa furaha hadi wauguzi wakamcheka.

Mtoto alinyonya vizuri, akalala vizuri, lakini hakupata choo. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Muuguzi alisema kesho asubuhi wampeleke hospitali ya wilaya. Asubuhi hiyo Kalista alitoka kutafuta gari, na Anatory akabaki na binti yake.

"Baba," Keza alisema, uso ameugeuzia ukutani. "Ile sakafu nilikuwa naila."

Anatory alimweka mtoto vizuri mapajani. Wajawazito wengi hula udongo. Hata sokoni unauzwa.

"Kiasi gani?"

"Nilichimba udongo kwa kijiko nyuma ya kitanda. Tangu siku niliyofika. Ulikuwa mtamu, Baba, nilishindwa kuacha."

"Kwa nini hukumwambia Bibi?"

"Niliona aibu. Na aliuliza kama sakafu yote imetoka. Sakafu ilikuwa imetoka."

Mtoto alijikunja mapajani mwa babu yake. Uso ukaiva, ngumi zikakaza, wala hakulia. Kisha akalegea. Anatory alifungua nepi.

Haikuwa imelowa. Ndani yake kulikuwa na kitu kimoja, kikubwa kama pingili ya kidole gumba, kigumu, kimejisokota na kuchongoka upande mmoja, chenye wekundu kwa ndani. Kilikuwa kinang'aa, na hapakuwa na mkono uliokisugua. Alikishika. Kilikuwa cha moto.

"Amepata choo?" Keza aliuliza, na sauti yake ilikuwa na matumaini.

Anatory alikifumbata.

"Amepata," alisema.

Mtoto akageuza kichwa, akaanza kuinusa ngumi ya babu yake.