Kisambaza Waifai cha Karakana

Duka la vifaa vya simu lilijaa watu hadi mlangoni, na mwanamume aliyesimama kwenye foleni mbele ya dada mmoja, mpimaji wa maabara, alikuwa akifungua boksi la kisambaza waifai kwa meno.

"Unajua mikono mingapi imeshika hiyo plastiki?" dada alimuuliza.

"Niambie."

"Napima vinyesi hospitalini, kaka. Hutaki nikuambie."

Akageuka akicheka. Shati lake la rangi ya kahawa lilimkaa vizuri kupita kiasi. Alikuwa fundi cherehani, kalishona mwenyewe. Nyumba yao ndefu, alieleza, rauta iko jikoni na karakana yake iko nyuma kabisa, haipati kitu. Hiki kitaungana na rauta, mtandao ufike kote. Kabla hawajamfikia muuzaji, alishampa dada huyo jina la Hadubini, naye kwa udhaifu usioelezeka alishampa namba.

Mapenzi yakakolea kwa simu za mtandaoni. Kasoro ilikuwa moja.

"Umeshamwambia mama kuhusu mimi?"

"Subiri mpenzi, nihamie karakana. Mama yuko hapa sebuleni, katega masikio."

Hatua, mlango, kisha kimya. Kila mazungumzo yalipogusa ndoa, simu ilikufa. Baadaye fundi alipiga tena, sauti imenywea, akazungumzia vifungo.

Kinyesi cha mgonjwa hakikumtia Hadubini kinyaa, kinyesi hakidanganyi. Mwanamume anayekimbia swali ndiye aliyemchefua. Hospitali ya mji mwingine ilikuwa ikimtaka. Akaamua kukubali, ila kwanza arudishe gauni la buluu aliloshonewa na fundi.

Mama wa fundi ndiye aliyefungua mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gauni hilo nililiona likishonwa. Ndiwe unayemkataa mwanangu?"

"Nimemkataa lini?"

"Usinifanye mtoto. Akihamia karakana, nami nahamia mlangoni. 'Nataka nikuoe, Hadubini. Unanisikia?' Halafu anasubiri. Juzi tena. Nimechoka kusikia mwanangu akibembeleza hewa."

Hadubini alilishika gauni kifuani.

"Mama, rauta iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya friji, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kwa sababu mama aliiona mbaya. Kitambaa kilinata kwa mafuta. Alipokivuta, mende wadogo walimwagika kutoka kwenye matundu ya rauta yenye joto, mmoja akampanda kifundo cha mkono. Aliukung'uta mkono, akaelekea nyuma.

Kule karakana, fundi aliinua kichwa, pini mdomoni. Kando ya pasi, kisambaza waifai kilipepesa taa nyekundu.

"Hadubini?"

"Usinisogelee, nina mende. Na toa pini mdomoni. Nani alikuambia ukiweke hiki huku?"

"Si huku ndiko hakuna mtandao?"

"Sasa kitasambaza nini? Kinatakiwa kikae katikati, kinapopata cha kupokea."

"Lakini simu yangu huonyesha mistari imejaa."

"Imejaa ya hiki kiboksi. Chenyewe hakipati kitu. Umekuwa ukiongea na boksi."

Fundi akakaa juu ya kitambaa cha mteja. "Nilidhani unanyamaza kwa kunikataa. Nikaona aibu kuuliza."

"Nami nilidhani unakata simu."

Hadubini aliifuta rauta akigeuza uso, akaiweka wazi kwenye rafu ya sebuleni. Kisambaza akakipachika koridoni, juu ya viatu vyenye harufu ya kuku aliyelowa. Taa ikawa ya kijani.

"Rudi karakana. Funga mlango, unipigie."

Simu ikaita.

"Nataka nikuoe, Hadubini." Sauti ilikuwa safi, hata pumzi zilisikika. "Unanisikia?"

Mguu wa mende ulikuwa bado umenata kwenye kidole cha Hadubini. Aliutazama kwa chuki, akaupangusa ukutani.

"Nakusikia. Nimekubali. Ila friji ile siingii nayo kwenye ndoa."

"Friji ni yangu," mama mkwe alisema, sikio likiwa bado mlangoni kwa mwanawe.